Sukari inapopanda kwa mawazo

*Mgonjwa wa kisukari amezoea kuulizwa amekula nini. Tafiti zinataka aulizwe pia analala vipi na anabeba nini moyoni. Je, dakika chache za kutuliza akili kila siku zinaweza kusaidiana na dawa?*

Muuguzi yeyote aliyewahi kukaa kliniki ya kisukari anamfahamu mgonjwa wa namna hii. Ni mama wa miaka hamsini na ushei, daftari lake safi, vidonge vya metformini anameza asubuhi na jioni bila kukosa. Soda alishaachana nayo. Ugali anakula kipande, mboga ndiyo inajaza sahani. Siku ya kliniki anafika alfajiri, hajatia kitu mdomoni, anakaa kwenye benchi kusubiri zamu yake. Kidole kinatobolewa, tone la damu linagusishwa kwenye kijiti, mashine inasoma 14.

Anaulizwa jana alikula nini. Anataja: uji usiotiwa sukari, mchicha, samaki wa kuchemsha. Anaonekana kama mtu anayeficha jambo. Dozi inaongezwa, anaambiwa apunguze wanga zaidi, anaitwa anayefuata.

Hakuna aliyemuuliza habari za nyumbani. Angeulizwa, angesema kwamba wiki mbili zilizopita amemzika mdogo wake, kwamba wajukuu watatu wamehamia kwake, na kwamba tangu msiba ule usingizi umemhama. Analala macho wazi mpaka inapoadhiniwa alfajiri.

Simpi mama huyu jina kwa sababu ni picha ya wengi. Wagonjwa wenyewe wamelisema jambo hili miaka yote: sukari yangu hupanda nikiwa na mawazo. Makala haya yanauliza maswali mawili. La kwanza, je, wanasema kweli? La pili, kama wanasema kweli, kliniki inaweza kuwafundisha kitu cha kuyapunguza hayo mawazo, na kitu hicho kina nguvu kiasi gani?

Paka na wachezaji wa Harvard

Swali la kwanza lina jibu la zamani. Katika karne ya 17, tabibu wa Kiingereza Thomas Willis, aliyeandika kuhusu utamu wa mkojo wa wagonjwa wa kisukari, alikuwa tayari amehusisha ugonjwa huo na huzuni ya muda mrefu. Hakuwa na namna ya kuthibitisha.

Uthibitisho ulianza kupatikana mwaka 1911, pale Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alipochapisha na wenzake matokeo ya jaribio la paka. Paka wazima waliofungwa wakapandwa na hofu na hasira walikutwa na sukari kwenye mkojo. Hawakuwa wamelishwa chochote kipya. Sukari ilitoka ndani ya miili yao wenyewe.

Cannon hakuishia kwa paka. Mwaka 1913, baada ya mechi ya mwisho na ya kusisimua kuliko zote ya msimu, ulipimwa mkojo wa wachezaji 25 wa timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo hicho. Wachezaji 12 walikutwa na sukari. Kati ya hao 12, watano walikuwa wa akiba, walioitazama mechi nzima kutoka benchi. Shabiki wa Simba au Yanga hatahitaji kuelezwa zaidi.

Leo njia yenyewe inajulikana vizuri. Mtu anapotishika au kuzongwa, mwili hujiandaa kupigana au kukimbia. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na kotisoli. Homoni hizo huliamuru ini litoe sukari liliyoihifadhi na litengeneze nyingine mpya, na wakati huohuo huizuia insulini isifanye kazi yake sawasawa kwenye misuli. Kwa mtu mwenye kongosho zima, insulini huongezeka, hali ikapoa. Kwa mwenye kisukari cha aina ya 2, insulini yake haitoshi au mwili hauisikii. Kwa mwenye aina ya 1, kongosho halitoi tena insulini ya kumtosha kuishi. Sukari iliyomwagwa inabaki kuzunguka kwenye damu.

Hofu ya paka ilikuwa ya muda mfupi. Mawazo ya mama yule ni ya mchana na usiku, na mwili wake hauna namna ya kujua kwamba hakuna simba mlangoni.

> Hofu na hasira hulifanya ini limwage sukari hata kwa mtu ambaye hajala kitu.

Kuna njia ya pili, nami naona ndiyo pana zaidi. Mtu mwenye mawazo hulala vibaya, na usingizi haba peke yake huifanya insulini idorore. Husahau vidonge. Huacha kutembea. Hukosa hamu ya kupika mboga, akamalizia kwenye chipsi na chai ya maziwa yenye sukari, kwa sababu chakula kitamu kwa saa moja humpa faraja ambayo hakuna mwingine aliyempa. Homoni na mazoea vinamvuta upande mmoja.

Mzigo usioandikwa kwenye daftari

Katika miaka ya 1980, timu ya watafiti iliyoongozwa na Profesa Donald McLarty ilipima watu wazima katika vijiji sita vya Tanzania. Matokeo, yaliyochapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 1989, yalionyesha kisukari kwa chini ya asilimia 1 ya waliopimwa. Mwaka 2012, utafiti wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza ulikuta asilimia 9.1 ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wana ugonjwa huo. Tafiti hizi mbili hazilingani moja kwa moja, maana ya kwanza ilikuwa ya vijijini na ya pili ya nchi nzima, lakini mwelekeo hauna utata.

Kwa Afrika, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima milioni 24 wanaishi na ugonjwa huu, na zaidi ya nusu yao hawajui.

Wanaojua wana kazi ya kudumu isiyo na likizo. Kila mlo ni hesabu. Kila kidonda cha mguu ni hofu. Harusini unatazamwa sahani, msibani unatazamwa sahani, na shangazi ambaye hajawahi kupima sukari maishani mwake anakueleza namna ya kuishi. Ukifika kliniki, namba ikiwa juu unajiona umekosea kama mtoto wa shule.

Wataalamu wanauhesabu uchovu huu kuwa ni jambo la peke yake, tofauti na ugonjwa wa sonona. Si kwamba mtu amekata tamaa ya maisha. Amechoshwa na kisukari. Mwaka 1995, mwanasaikolojia wa Marekani William Polonsky na wenzake walichapisha dodoso la kuupima, na tangu hapo umepimwa katika nchi nyingi. Uchambuzi wa mwaka 2017 uliokusanya tafiti nyingi ulikuta takriban asilimia 36 ya wenye kisukari cha aina ya 2 wanaubeba kwa kiwango cha kutia wasiwasi.

Zaidi ya mtu mmoja kati ya watatu. Na kwenye madaftari ya kliniki zetu kuna nafasi ya uzito, ya presha na ya sukari. Mzigo huu hauna safu.

Darasa la wiki nane

Hapo ndipo mazoezi ya kutuliza akili yalipoingia hospitalini. Mizizi yake ni ya kale na ya Asia, lakini sura iliyofanyiwa utafiti zaidi ilianzia Massachusetts, Marekani. Mwaka 1975, daktari wa moyo Herbert Benson alichapisha kitabu kilichoeleza kwamba mwili una hali ya utulivu iliyo kinyume cha ile ya mapambano, na kwamba mtu anaweza kuiita kwa makusudi. Aketi pahali palipotulia, alegeze misuli, arudie neno moja kila anapotoa pumzi, na mawazo yakija asipigane nayo; ayaache yapite, arudi kwenye neno.

Miaka minne baadaye, Jon Kabat-Zinn, msomi wa baiolojia aliyejifunza tafakuri za Kibudha, alifungua kliniki ya kupunguza msongo wa mawazo katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, mjini Worcester. Waliopelekwa kwake wengi walikuwa na maumivu sugu ambayo tiba za kawaida hazikuwa zimeyamaliza. Aliondoa istilahi za dini, akabakiza mazoezi: kufuatilia pumzi, kuusikiliza mwili kuanzia vidole vya miguu hadi utosini, kunyoosha viungo taratibu. Darasa lilikuwa la wiki nane, mara moja kwa wiki kwa muda wa saa mbili na nusu hivi, na kazi ya kufanya nyumbani kila siku.

Zoezi moja la darasa hilo ni la kula zabibu kavu moja tu, kwa utulivu: kuitazama, kuinusa, kuiweka ulimini, kuitafuna bila haraka. Ukisikia kwa mara ya kwanza unaona ni mchezo. Lakini mfikirie mtu anayemaliza sahani ya pilau huku macho yako kwenye simu, akashtuka sahani i tupu, akaongeza. Anayekula huku anajua anakula huweza kusikia tumbo linapomwambia basi.

Jambo hili nalo limepimwa. Mwaka 2012, Carla Miller wa Chuo Kikuu cha Ohio State na wenzake waliripoti utafiti wa watu wazima 52 wenye kisukari cha aina ya 2. Kundi moja lilifundishwa kula kwa utulivu, jingine lilipewa elimu ya kawaida ya kisukari na lishe. Makundi yote mawili yalipungua uzito na sukari ikashuka, bila tofauti ya maana kati yao. Naupenda utafiti huu kwa sababu haukuza kitu. Unasema njia ya utulivu inafaa, na elimu ya kawaida nayo inafaa. Mgonjwa anaweza kupita mlango anaouweza.

Ushahidi unafika wapi

Kipimo kinachogombaniwa ni kile ambacho wagonjwa wanakiita cha miezi mitatu. Sukari hujishika kwenye chembe nyekundu za damu, nazo huishi takriban siku 120, kwa hiyo kipimo hicho huonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu. Kufunga kula usiku mmoja kabla ya kliniki hakuwezi kukidanganya. Kwa watu wazima wengi lengo ni kuwa chini ya asilimia 7.

Utafiti uliowasha matumaini ulichapishwa mwaka 2007. Watu 14 tu wenye kisukari cha aina ya 2 walipitia darasa la Kabat-Zinn. Mwezi mmoja baada ya kumaliza, kipimo chao kilikuwa kimeshuka kwa nukta 0.48 ya asilimia. Hakukuwa na kundi la kulinganisha, na watu 14 ni wachache mno. Ulikuwa mlango uliofunguliwa, haukuwa jibu.

Watafiti wa Uholanzi waliingia kwa uzito zaidi. Mwaka 2013 walichapisha matokeo ya wagonjwa 139 wa aina ya 1 na ya 2 ambao hali yao ya moyo ilikuwa chini. Waliogawiwa darasa la wiki nane walipungukiwa na msongo, wasiwasi na dalili za sonona. Kipimo cha miezi mitatu hakikusogea kwa kiasi cha maana. Hata ule uchovu wa kisukari chenyewe haukushuka vya kutosha kuhesabiwa.

Huko Heidelberg, Ujerumani, wagonjwa 110 ambao figo zao zilianza kuvujisha protini walifuatiliwa, na matokeo ya mwaka wa kwanza yakatoka 2012. Sonona ilipungua na afya kwa jumla ikawa nafuu kwa waliojifunza. Uvujaji wa protini haukutofautiana na wa wenzao.

> Kwa upande wa moyo ushahidi ni imara. Kwa upande wa sukari yenyewe, bado ni ubishi.

Kisha mwaka 2022, watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California walikusanya majaribio 28 ya mazoezi ya akili na mwili kwa wenye aina ya 2. Kwa wastani, waliofanya mazoezi hayo pamoja na matibabu yao ya kawaida walishuka kwa nukta 0.84 kuliko wenzao waliopata matibabu ya kawaida tu. Yoga ilishusha kwa nukta 1 hivi, darasa la Kabat-Zinn kwa 0.48.

Nusu ya asilimia ni nini? Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba kila asilimia 1 inayopungua kwenye kipimo hicho iliendana na kupungua kwa asilimia 37 kwa madhara ya mishipa midogo, yaani macho na figo. Kwa mtu anayeogopa kupofuka, nusu si haba.

Wenye shaka nao wana hoja, na si nyepesi. Majaribio mengi ni ya watu wachache na ya miezi michache. Huwezi kumficha mtu kwamba anafanya tafakuri kama unavyoweza kumficha aliyepewa kidonge tupu, hivyo matumaini yake yanaingia kwenye matokeo. Darasa lina mwalimu anayekujali na wenzako wanaokuelewa. Huenda hao ndio dawa. Na yoga ni kunyoosha na kukaza misuli pia, na misuli inayofanya kazi hunywa sukari bila kusubiri akili itulie.

Nikiziweka tafiti hizi pamoja, naamini jambo hili: mazoezi ya kutuliza akili yanastahili nafasi kliniki kwa sababu yanamsaidia mtu kuubeba ugonjwa. Yakishusha sukari, ni nyongeza njema. Asiwepo wa kuyauza kwa ahadi ya kushusha sukari.

Kivuli cha Samunge

Tanzania ina sababu ya pekee ya kuogopa ahadi hizo. Mwaka 2011, maelfu kwa maelfu ya watu walipanga foleni ya magari kuelekea kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, aliyejulikana nchi nzima kwa jina la Babu. Kikombe kimoja cha dawa ya mti kilikuwa shilingi 500, na kisukari kilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyotajwa kuponywa. Wapo waliofia njiani wakisubiri. Wapo waliorudi nyumbani wakaweka dawa zao kando.

Babu alifariki mwaka 2021, na siandiki haya kumsema marehemu. Nayaandika kwa sababu daktari wa Kitanzania anaposikia habari ya tafakuri na kisukari, hicho ndicho kikombe anachokiona. Ana haki ya kukiona. Mgonjwa wa aina ya 1 akiacha insulini, damu hugeuka tindikali, naye anaweza kufariki ndani ya siku chache. Hakuna pumzi itakayoziba pengo la insulini. Insulini ilitumika kwa mara ya kwanza kwa mtu mjini Toronto, Kanada, Januari 1922. Kabla ya hapo, mtoto mwenye aina ya 1 alikuwa anasubiri kufa.

Wa aina ya 2 hafi haraka hivyo, na hilo ndilo linalomponza. Anaacha vidonge, anajisikia vizuri kwa miezi, na miaka inapopita anakuja kukatwa mguu.

Kwa hiyo atakayefundisha mazoezi haya aanze na sharti, kabla hata ya kumwambia mtu afumbe macho: dawa zinaendelea, na anayebadilisha dozi ni daktari.

Sala, dhikri na hofu ya imani

Upinzani mwingine hautoki hospitalini. Kwa waumini wengi, yoga na tafakuri ni ibada za dini nyingine zilizovishwa koti la afya. Mwaka 2008, Baraza la Taifa la Fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga inayochanganya mazoezi na ibada au kuimba mantra. Vatikani ilikuwa imetoa waraka mwaka 1989 kuwatahadharisha Wakatoliki juu ya kuchanganya sala na mbinu za Mashariki. Haya si mambo ya kupuuza katika nchi ambazo mgonjwa humshukuru Mungu kabla ya kumshukuru daktari.

Lakini mwaka 2001, Luciano Bernardi wa Chuo Kikuu cha Pavia, Italia, na wenzake walichapisha katika jarida la tiba la Uingereza, BMJ, jambo linalostahili kusomwa na wote wawili, mwenye hofu na mwenye shauku. Waliwapima watu 23 wakisali rozari kwa Kilatini, kisha wakitamka mantra ya yoga. Kwa njia zote mbili pumzi ilishuka mpaka mara sita hivi kwa dakika, na mdundo wa moyo na presha vikaanza kwenda pamoja kwa namna inayoashiria afya ya moyo. Mtu mzima aliyetulia kwa kawaida hupumua mara 12 hadi 20.

Nchi yetu haijakosa mambo ya namna hiyo. Anayekaa baada ya swala ya alfajiri akivuta uradi kwa tasbihi, au bibi wa Moshi anayepitisha punje za rozari kabla ya kulala, mwili wake unaingia kwenye mwendo uleule wa taratibu. Ni kweli hawafanyi hivyo kwa ajili ya sukari. Wanamwabudu Mola wao, na nia hiyo iheshimiwe. Haipendezi muuguzi kuigeuza ibada ya mtu kuwa kidonge.

Nisemalo ni kwamba kliniki haihitaji kuleta dini mpya. Ifundishe pumzi, ambayo haina madhehebu. Mgonjwa akitaka kuiambatanisha na jina la Mungu wake, hilo ni lake. Benson mwenyewe aliwaruhusu wagonjwa wake wachague sala fupi ya imani yao badala ya neno alilowapa.

Pumzi hailipi duka la dawa

Kuna hoja nyingine, na hii inanigusa kuliko zote. Mawazo ya mgonjwa wengi wetu tunayajua yanakotoka. Vijiti vya kupimia vimekwisha na havijanunuliwa vingine. Insulini inataka ubaridi na nyumbani hakuna friji, imewekwa kwenye chungu chenye maji. Nauli ya kwenda kliniki imetoka kwenye pesa ya mboga. Kumwambia mtu huyu afumbe macho na kupumua kunaweza kuwa dhuluma, kama ndicho kitu pekee unachompa.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge la Tanzania mwaka 2023. Itakapomfikia mgonjwa mkononi, vidonge na vijiti vikapatikana bila kuuza mbuzi, mawazo mengi yatapungua yenyewe. Wanaotetea mazoezi ya akili wawe mstari wa mbele kudai hayo. Si haki mzigo wa mfumo uhamishiwe kwenye kifua cha mgonjwa, kisha akishindwa kutulia alaumiwe kwa hilo pia.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaosema jambo hili lisubiri mpaka dawa zitoshe. Huzuni ya msiba haiondolewi na bima. Hofu ya kukatwa mguu anayo tajiri na maskini. Na zoezi la kupumua halihitaji mashine, umeme wala bajeti; linahitaji mtu wa kulionyesha mara ya kwanza na kumuuliza mgonjwa mara ya pili kama linakwenda.

Namna ya kuanza

Kaa kwenye kiti, nyayo zote mbili chini, mgongo wima bila kujikaza. Mwenye kisukari asing'ang'anie kukunja miguu sakafuni kama picha za magazetini. Miguu yenye ganzi haisemi inapobanwa, na kidonda huanza hivyo. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi nne, itoe polepole ukihesabu hadi sita. Usivute kwa nguvu. Ukisikia kizunguzungu, rudi kwenye pumzi ya kawaida. Akili itakwenda kwenye ada ya shule, kwenye deni, kwenye maneno ya jirani. Ikienda, irudishe kwenye pumzi bila kujilaumu. Irudishe mara mia kama ni lazima. Anza na dakika tano, panda hadi 10 au 15, na chagua saa ambayo hutaikosa, kwa mfano kabla ya vidonge vya asubuhi, ili zoezi na dawa vikumbushane.

Kuna hadhari tatu za kuzingatia. Kwanza, jasho, kutetemeka na moyo kwenda mbio vinaweza kuonekana kama wasiwasi kumbe sukari imeshuka, hasa kwa anayetumia insulini au glibenklamaidi. Asifumbe macho kutafuta utulivu. Apime, ikiwa chini ya 4, au kama hana mashine, anywe maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, asubiri dakika 15, apime tena. Pili, mwenye tatizo la retina ya jicho aepuke mikao ya yoga ya kuinamisha kichwa chini mpaka daktari wa macho aruhusu. Tatu, kwa aliyepitia ukatili au mwenye ugonjwa mkubwa wa akili, ukimya unaweza kufukua mambo mazito. Huyo aanze akiwa na mtaalamu karibu.

Sonona ya kweli, ile ya mtu kutotaka kuamka, kutokula, kutamani kufa, haitibiwi kwa pumzi. Inataka rufaa siku hiyohiyo.

Kwa kliniki yenyewe, kazi inaweza kuanza wiki ijayo bila mradi wala mfadhili. Watafiti Lawrence Fisher, Polonsky na wenzao walionyesha mwaka 2008 kwamba maswali mawili tu yanatosha kumchuja mgonjwa anayehitaji kusikilizwa zaidi. La kwanza ni kama anaona mahitaji ya kuishi na kisukari yanamzidi nguvu. La pili ni kama mara kwa mara anajiona anashindwa kuufuata utaratibu wake wa kisukari. Muuguzi anaweza kuyauliza huku anafuta kidole kwa pamba, kabla mashine haijasoma, na majibu yakaandikwa kwenye daftari kando ya uzito na presha. Atakayejibu ndiyo apewe dakika tano za mazungumzo na afundishwe zoezi, na kabla dozi yake haijaongezwa ajulikane kwanza anaishi vipi. Baada ya miezi mitatu kipimo kirudiwe, na maswali yote mawili yaulizwe tena.